Kabati Kati ya Kuta Mbili

Ukinyoosha mikono katika uchochoro wetu,
kiganja hiki kinagusa nyumba yangu
na kile kinagusa nyumba ya Delfina Traverso.
Nimepima mwenyewe, usiku, nikiwa nimelewa kidogo.
Ghorofa saba huku, ghorofa saba kule,
na juu kabisa utepe wa mbingu
mwembamba kama mshipi wa suruali.
Jua hutushukia saa saba kasoro robo,
hukaa dakika ishirini,
kisha hujiondokea kama mkaguzi wa tiketi
aliyekuta wote tumelipa.

Stesheni ya Principe iko hatua mia mbili na kumi.
Hatuioni. Tunaisikia vikombeni:
treni ya mizigo ya alfajiri ikipita handakini
vijiko husengenyana kwenye droo.
Wageni huja na masanduku ya magurudumu,
ngru, ngru, ngru juu ya mawe ya kale,
wakitafuta hoteli ambayo simu zao zinasema ipo hapa.
Ilikuwapo.

Delfina aliuza tiketi miaka thelathini na minne,
na alipostaafu alihamia dirisha jingine, basi.
"Ya Ventimiglia, dakika kumi na mbili nyuma!"
alitangaza huku akianika soksi,
na Washington, kijana wa Guayaquil wa ghorofa ya pili,
akajua ana muda wa kunyoa.
Cheikhouna alifungua duka lake la simu kwa sauti hiyo.
Siku Delfina alipokosea
aliikasirikia treni.

Sikuwahi kuingia kwake, wala yeye kwangu.
Kushuka ngazi themanini, kupanda themanini,
ya nini, na chumvi inavuka kwa mkono?
Niliijua shuka yake iliyotiwa viraka.
Yeye aliijua siku
mke wangu alipoacha kuanika nguo zake.
Hakuuliza. Alinipitishia bakuli la supu
juu ya upepo, na kijiko ndani.

Novemba, Jumanne moja, hakutangaza kitu.
Treni zote zikaenda.

Mwanawe akaja kutoka Torino kuchukua kabati.
Ngazi zikalikataa: lilipandishwa
kabla lifti haijajengwa, lifti ikala nusu ya njia.
Basi, kamba. Dirishani. Taratibu, taratibu,
na hapo baina ya ghorofa ya tano na ya nne
likajigeuza ubavu, likakwama,
halipandi, halishuki.
Kila dirisha likatoa kichwa na rai.
Cheikhouna alisukuma kwa ufagio,
mama yake Washington kwa ubao wa pasi,
Bi Ottavia akamwita Bikira wa kwenye pembe
kwa jina nisilolirudia hapa.
Giza likaingia. Wakafunga kamba kwenye vyuma vya roshani,
wakaenda kulala.

Mimi sikulala.
Lilikuwa limenielekea, mlango wazi,
na ndani ya mlango kioo.
Nikawasha taa, na ndani yake nikaliona jiko langu
kutoka upande wake, kama alivyoliona yeye miaka yote:
kikombe kimoja, kiti kimoja kilichovutwa,
kalenda bado inaonyesha Machi,
na mzee mwenye fulana
anayekodoa macho kumtazama anayemtazama.
Hivi ndivyo. Hivi ndivyo nilivyokuwa naonekana.
Harufu ya nondo na sabuni ikavuka uchochoro
bila kushuka ngazi.

Saa kumi na moja na dakika arobaini
treni ya mizigo ikapita chini ya kilima.
Vijiko vikaanza. Ukuta ukatetemeka kidogo,
kabati nalo likakoroma,
likateleza shubiri moja, ya pili,
likaning'inia huru kwenye kamba zake.
Ilikuwa imechelewa dakika nne. Niliangalia saa.

Mikwaruzo ipo hadi leo,
mmoja ukutani kwake, mmoja kwangu, kimo kimoja.
Mpangaji mpya hufunga dirisha.
Ni mpole, anafanya kazi usiku,
na hajui bado
kwamba soksi zake nazijua zote.